Vikabichi vya Mnadani

Jacomina alipofungua mlango wa nyuma na kuwakuta bado wako mezani, hakuhitaji kuambiwa kitu. Ilikuwa saa nane kasoro robo. Mvua ilikuwa imemlowesha mpaka shingoni, baiskeli alikuwa ameitupa tu ukutani, na pale jikoni watu watatu wamekaa kimya tangu adhuhuri: baba yake, mzee Krijn, kichwani mwa meza, mikono ameikunja juu ya kitambaa, shangazi yake Maatje upande wa jiko, Biblia imefungwa mbele yake, na katikati yao Marit, binti wa Jacomina wa miaka saba, na sahani.

Na ile harufu! Huijui harufu ya vikabichi vya Brussels vilivyochemshwa asubuhi nzima mpaka uingie nyumba ya mkulima wa kisiwa cha Flakkee, Uholanzi, siku ya mvua, madirisha yote yamefungwa. Inakaa kwenye mapazia, inakaa kwenye makoti, unakwenda nayo kanisani Jumapili. Na shambani kwenyewe ni kitu kizuri, jamani: shina moja refu, na vikabichi vidogo vya kuviringana vimelizunguka kuanzia chini hadi juu, vimebanana, kijani kinang'aa. Halafu vinaingia mikononi mwa Maatje. Maatje anakichanja kila kimoja msalaba chini, kama mama yake alivyokuwa akifanya, anavitia kwenye maji ya baridi na magadi kidogo ili eti vibaki kijani, anawasha moto akimaliza chai ya asubuhi, kisha anakwenda kupiga deki nyumba nzima. Kijani chenyewe kiko wapi? Vinatoka na rangi ya soksi ya mwanajeshi, vimejaa maji, ukivigusa na uma vinalala.

"Baba," alisema Jacomina. "Saa ngapi sasa?"

"Funga mlango, baridi inaingia."

"Nimekuuliza saa ngapi."

"Saa naiona. Bado hatujashukuru."

Basi hapo kuna jambo la nyumba hiyo lazima ulijue, maana bila hilo utadhani mzee ni mkatili tu, na mambo hayakuwa mepesi hivyo. Kwa Krijn watu husali kabla ya kula, na wakimaliza kula husomwa sura moja, kisha hutolewa sala ya shukrani. Kabla ya shukrani hakuna anayeinuka. Na shukrani haitolewi kama kuna sahani yenye chakula, kwa sababu, anasema Krijn, utamshukuruje Mungu kwa kitu ulichokikataa? Kwa hiyo mtoto akishindwa kumaliza, haachwi peke yake. Hapana. Wote wanakaa naye. Trekta linangoja nje, vibarua wanangoja nje, mzee amekunja mikono, anakungoja wewe. Yeye anaona hiyo ni haki. Mbona na mimi nimekaa, husema.

Jacomina alikijua kile kiti. Alikikalia utoto wake wote. Alijua jinsi vitu vile vinavyozidi kupoa vikizidi kunuka, jinsi maji ya kijivu yanavyotambaa mpaka kwenye viazi, jinsi marehemu mama yake alivyokuwa akitazama ukuta ili asimtazame yeye. Alijifunza kuvibana shavuni mpaka amina, kisha kukimbilia mferejini kuvitema. Hata leo, mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, muuguzi anayeosha vidonda vya wazee bila kukunja uso, harufu ile ikimpata hutoka nje. Na aliporudi kwa baba yake mwezi wa tisa, baada ya mumewe Wouter kumwambia kwamba amepata utulivu wa moyo kwa mwanamke mwingine, aliweka sharti moja tu. Alilisema mlangoni, mabegi yake bado yako chini. Marit halazimishwi kula. Krijn aliitikia kwa kichwa. Aliitikia, kabisa!

"Uliniahidi," alisema Jacomina.

"Sijamlazimisha. Nimemwekea mkono mdomoni? Nimempiga? Muulize. Tumekaa tu."

"Vimebaki sita," alisema Maatje kwa sauti ya kubembeleza, ile ambayo mtoto yeyote mwenye akili huikimbia. "Sita tu, mpenzi wa bibi. Ungekuwa umeshavimeza zamani, sasa hivi unacheza."

Marit aliinamia sahani. Hakumtazama mama yake. Alikuwa amekaa wima mno, miguu ameibana, na masikio yake yamekuwa mekundu. Jacomina alimsogelea, akamshika begani, akataka kumwinua, na ndipo mtoto alipoanza kulia, akishikilia kiti kwa mikono miwili.

"Usininyanyue, mama. Usininyanyue."

Kiti kilikuwa kimelowa. Chini ya kiti pia.

Krijn aliinama kidogo, akaona, uso ukambadilika.

"Nilimwomba babu," alisema Marit kwa kwikwi. "Nikasema nataka kwenda. Akasema nikimaliza."

"Sikujua kama ni..." Krijn alianza. "Watoto siku zote husema wanataka kwenda. Hata wewe ulikuwa unasema."

"Kwa sababu nilikuwa nataka kwenda!" Jacomina alipiga kelele hadi vikombe vikalia kabatini. "Kwa sababu nilikuwa nataka kwenda, baba! Mungu wangu! Umemkalisha mtoto wa watu hapa mpaka amejikojolea, halafu umekunja mikono!"

Alimbeba Marit na ulowevu wake wote, akatoka naye.

"Jacomina!" aliita Maatje. "Bado hatujashukuru!"

"Mshukuruni wenyewe!"

Huko juu alimwosha mtoto, akambadilisha nguo, akamlaza chini ya blanketi na kitabu chake cha picha. Kisha akalivuta begi kubwa kutoka uvunguni, akaanza kutupia nguo ndani bila kukunja, zake na za Marit pamoja. Watakwenda wapi? Hakujua. Kwa rafiki yake Saskia huko Rotterdam, wakalale kwenye kochi. Chini ya daraja. Popote. Alichokijua ni kwamba akikaa nyumba hii usiku mmoja zaidi kama hakuna kilichotokea, atakuwa ametazama ukuta kama mama yake, na hilo aliapa hatalifanya.

Aliposhuka na lile begi, walikuwa pale pale. Sahani ya Marit iko mezani na vikabichi vyake sita, na ndugu hao wawili, umri wao ukijumlisha karibu miaka mia na hamsini, wamekaa kila mtu mahali pake. Maatje alikuwa amefuta sakafu bila kuinuka. Alinyoosha mguu tu na kitambaa.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Krijn.

"Mbali."

"Unavunja nyumba kwa sababu ya vikabichi?"

"Kwa sababu ya vikabichi!" Jacomina alicheka, kile kicheko kibaya. "Msikieni!"

"Ndiyo, vikabichi!" Sasa mzee naye alipandisha. "Unafikiri hivi viatu ulivyovaa utotoni vilitoka wapi? Masomo yako ya uuguzi yalilipwa na nini? Hiki ndicho kilichotulisha tangu babu yangu. Mjukuu wa Krijn anavikataa vikabichi, tena anavishikia pua! Watu wakisikia huko mnadani nitaficha wapi uso?"

"Kwani wewe unavipenda?"

Krijn alimtazama kama amemuuliza anavaa suruali ya ndani ya rangi gani. "Kupenda? Chakula hakipendwi. Kinaliwa."

"Jibu swali. Unavipenda?"

"Nimevila maisha yangu yote!"

"Hujavila hata siku moja," alisema Jacomina. Aliliacha begi likaanguka. "Hujawahi kula kikabichi, baba, wala wewe shangazi. Vizuri vyote mnapeleka mnadani. Vile vilivyobanana, vilivyopigwa na baridi ya alfajiri vikaingiwa na sukari, watu wa mjini ndio wanaovila. Sisi tunaletewa nini hapa? Vilivyofunguka. Vya manjano. Vilivyotobolewa na viwavi. Mnunuzi akikitupa kikabichi, Krijn anakiokota anakileta nyumbani watoto wale!"

"Kutupa chakula ni dhambi!"

"Vinalika!" aliingilia Maatje, ameumia kweli. "Ukivichemsha sawasawa vinalika!"

"Unavichemsha mpaka vinakufa mara ya pili, shangazi, kwa sababu ulivipokea vimeshakufa."

Na hapo, badala ya kuchukua begi lake aende zake, Jacomina alifanya kitu ambacho hata yeye hakukipanga. Alitoka nje kwenye mvua, moja kwa moja mpaka bandani, pale kreti za mnada wa kesho zilipokuwa zimepangwa moja juu ya nyingine zikisubiri lori. Alifungua kreti ya juu. Daraja la kwanza. Vidogo, vigumu, vimejifunga kabisa, vina ubaridi wa usiku bado ndani yake. Akachukua aproni iliyotundikwa mlangoni, akaijaza.

Krijn alimwona dirishani. "Hizo ni za kuuza!" alipiga kelele. "Zimeshapimwa hizo! Jacomina! Maatje, mzuie!"

"Nitamzuiaje? Hatujashukuru!"

"Basi mwambie!"

"Mwambie mwenyewe, una mdomo!"

Maana yeye naye hakuweza kuinuka. Sahani ile bado ilikuwa na chakula. Sheria aliyowafungia wenzake miaka yote ilikuwa imemkamata suruali, akabaki pale kitini, anang'aka, anapiga meza, anamtazama binti yake akirudi na mali ya mnada ndani ya aproni, asiweze kumfanya lolote. Sheria zake mwenyewe, ale nazo!

Jacomina alishusha kikaango cha chuma kilichokuwa kikitumika kwa mayai tu, akakigonga juu ya jiko, akawasha moto wote. Akachukua kisu. Alikata vitako vya vikabichi, akavipasua katikati, kimoja baada ya kingine, ubao unalia.

"Hujachanja msalaba," alisema Maatje.

"Nimevipasua, shangazi! Unataka nichanje nini tena?"

Akaviosha, kisha akavimwaga juu ya kitambaa cha vyombo na kuvikausha, anavisugua kama anamsugua mtu aliyemkosea. Hapo ndipo penye siri, Saskia alimwambia siku moja. Mwenzake huyo wa wodini alimkaribisha chakula kwake Rotterdam, miaka sita iliyopita. Jacomina alikula, akaongeza, akaongeza tena, akauliza hii ni mboga gani. Saskia alicheka mpaka akashika mbavu: binti wa mkulima wa vikabichi hajui kikabichi! Jacomina naye alicheka. Ndani ya treni ya kurudi nyumbani alilia kwa hasira hadi abiria wa mbele akahama kiti. Maji ndiyo adui, alisema Saskia. Maji na muda mrefu. Ukivichemsha vinatoa ile harufu ya yai bovu, na kadiri unavyochemsha ndivyo inavyozidi. Vinataka moto mkali na kuachwa.

Siagi ikaingia kikaangoni na mafuta kidogo, ikatoa povu. Jacomina akavipanga vipande uso chini, karibu karibu, akarudi nyuma hatua moja, akakunja mikono.

"Geuza," alisema Maatje.

"Sigeuzi."

"Vinaungua! Nasikia vinaungua!"

"Acha viungue."

"Krijn, huyu anaunguza chakula makusudi!"

"Naona," alisema Krijn akiuma meno. "Naona kila kitu."

Kikaango kilikuwa kinapiga kelele. Moshi kidogo ukapanda. Na harufu ikaanza kubadilika, polepole, ikawa inaisukuma ile nyingine kuelekea mlangoni. Harufu ya karanga zikikaangwa, yenye utamu ndani. Maatje alifungua mdomo kusema neno, akaufunga. Jacomina akavigeuza. Chini vilikuwa vya kahawia, vingine karibu vyeusi pembeni, na juu bado ni kijani cha shambani. Akatia chumvi. Akakwangua kungumanga, maana huwezi kumpa mtu wa Flakkee mboga bila kungumanga ukategemea heshima. Tone la siki mwishoni. Yote hayo muda wa kukaanga mayai ya watu wanne, si zaidi.

Alimpakulia baba yake nusu sahani, akaibwaga mbele yake.

"Kula."

"Sili chakula cha hasira."

"Kula. Ukimaliza mimi naondoka. Hujamaliza, na mimi nimekaa." Akavuta kiti, akaketi, akakunja mikono juu ya kitambaa vile vile kama yeye. "Sijakulazimisha. Nimekuwekea mkono mdomoni? Tumekaa tu."

Maatje alitoa sauti ndogo, kama kikohozi, akajifanya anatafuta leso.

Krijn alimtazama binti yake, shingo imemvimba. Kisha akachukua uma kwa namna ya mtu anayekwenda kung'olewa jino, akachoma kipande kimoja, akakitia mdomoni. Kilitoa sauti. Kilikatika! Mzee alisimamisha taya, akashtuka, kwa sababu katika miaka sabini na mmoja mboga hiyo haikuwahi kutoa sauti mdomoni mwake. Akatafuna tena. Akameza. Akachoma cha pili, na cha tatu, na Jacomina akamwona anavichagua vile vilivyoungua zaidi.

"Vipi?" aliuliza Maatje. "Krijn, vipi?"

"Vya kawaida," alisema Krijn mdomo umejaa.

Maatje alinyoosha mkono mpaka kikaangoni, akachukua kimoja kwa vidole, akajiunguza, akakila hivyo hivyo. Akakaa akitazama jiko lake, na sufuria yake kubwa ya kuchemshia iliyokuwa juu ya jiko hilo.

"Tangu nina miaka kumi na mbili," alisema taratibu. "Kila baridi inapoingia. Mikono imepasuka kwa kuchanja msalaba. Na hakuna aliyeniambia?" Sauti ilipanda. "Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba ni taka ninazowapikia? Mnakaa hapo mnakula, asante Maatje, asante Maatje! Wanafiki wakubwa!"

"Na nani angekwambia?" alisema Jacomina. "Aliyesema alikalishwa."

Marit alikuwa ameshuka. Alisimama mlangoni na suruali ya kulalia, macho yamevimba, akinusa.

"Mnakula nini?"

"Njoo, mpenzi, njoo," alisema Maatje, tayari anampakulia, anajaza mno kama kawaida yake. Alisahau kumwambia ni kitu gani. Marit alitazama, hakuvitambua, akaonja pembe ya kimoja kwa meno ya mbele. Akala kimoja chote. Akala vingine.

"Hii ni nini?"

"Vikabichi," alisema Krijn.

"Mwongo," alisema Marit, akaendelea kula.

Na Krijn akacheka. Alicheka! Alijiegemeza kitini, akajifuta mdomo, uso wote umelegea kama mtu aliyeshinda kesi. "Basi," alisema, "yamekwisha. Si umeona? Tatizo lilikuwa mapishi. Kuanzia kesho Maatje atapika hivi, tutaweka kreti moja ya nyumbani, mtoto anakula, sahani inakuwa tupu, hakuna ugomvi. Rudisha begi lako juu, binti yangu. Kwa jambo dogo hivi, ulikuwa unataka kuvunja nyumba."

Jacomina alihisi damu ikimpanda mpaka kwenye macho. Alikuwa amemshinda. Alitaka mzee aonje, ameonja; alitaka akiri, na kwa namna yake amekiri. Mbona sasa ana hasira kuliko mwanzo? Alimtazama pale alivyojipweteka, ametosheka, tayari anapiga hesabu ya kreti kichwani, na akafungua mdomo kumjibu.

Marit alimwahi. Aliweka uma chini.

"Nimeshiba."

Kwenye sahani yake vilibaki viwili, na nusu moja ndogo. Maatje aliangalia sahani, akamwangalia kaka yake, akaangalia mikono yake mwenyewe. Na mkono wa Krijn ukanyooka wenyewe, kwa mazoea tu, kidole kikagusa ukingo wa sahani na kuisukuma kidogo kuelekea kwa mtoto.

"Vimebaki viwili," alisema kwa upole. Upole kabisa. "Malizia, mama. Si vitamu? Si umevila mwenyewe?"

Marit alitazama vile viwili. Miguu yake chini ya meza ilibanana tena.

Jacomina aliinuka. "Umejifunza mapishi, baba," alisema. "Basi. Hukujifunza kitu kingine chochote." Akachukua begi. "Marit, vaa viatu."

"Ngoja kwanza, ni viwili tu! Mtoto anaweza..."

"Hata kingekuwa kimoja! Hata kingekuwa asali! Mtoto amesema ameshiba! Tumbo ni lake, baba! Tumbo ni lake! Kesho ni vikabichi, keshokutwa ni kiatu kinachombana, siku nyingine ni mwanamume, na kila mara atakaa kimya ameibana miguu akingoja mtu mwingine amwambie kama amemaliza! Mimi nimekaa na Wouter miaka tisa hivyo hivyo! Hivyo hivyo! Nikingoja sahani iwe tupu!"

Hilo hakuwahi kulisema mbele ya mtu. Hata yeye lilimshtua. Maatje aliziba mdomo kwa leso. Marit alikuwa ameshashuka kitini nusu, mguu mmoja unaelea, hajui kama ashuke au apande.

"Kaa, Marit," alisema Krijn.

"Usimkalishe mtoto wangu!"

"Nimesema akae!" Mzee aligonga meza kwa ngumi. Uso ulikuwa mwekundu, mishipa imetoka kipajini, na macho yake yalikuwa kwenye ile sahani yenye viwili na nusu, kisha kwenye ile nyingine ya zamani, yenye vile sita vya rangi ya soksi, ambayo hakuna aliyeiondoa. Alipumua kwa nguvu. Halafu akakunja mikono, akafumba macho kwa nguvu kama anayejikinga na ngumi, akaanza kusali.

Sala ya shukrani. Alisali kwa sauti kubwa, kwa hasira, maneno yanagongana, kama mtu anayegombezana na jirani juu ya mpaka wa shamba. Akamshukuru Mungu kwa chakula. Akamshukuru kwa kilicholiwa. Hapo akakwama, na wote wakadhani amesahau. Akaendelea kwa sauti ya chini zaidi, akamshukuru pia kwa kilichobaki.

"Amina!" alisema Maatje, haraka sana, kama anaogopa mzee atabadili nia.

Marit hakungoja. Aliruka kutoka kitini, akapita chini ya mkono wa mama yake, na miguu yake ikasikika inapanda juu mbio. Sahani yake ilibaki mezani. Paa halikuanguka.

Krijn alifumbua macho. Hakumtazama mtu. "Haya," alisema. "Nimesali. Umeridhika?"

Jacomina alikuwa amesimama na begi mkononi. Alipaswa kuridhika. Kila mtu angesema hivyo: mzee wa namna ile, umri ule, mbele ya watu, amevunja sheria ya baba yake na babu yake kwa ajili ya mtoto mdogo. Angemkumbatia. Badala yake machozi yalimtoka ghafla, ya moto, ya hasira tupu, na akaisikia sauti yake inakuwa nyembamba.

"Kumbe unaweza," alisema.

"Nini?"

"Kumbe ulikuwa unaweza. Dakika moja tu. Kufumba macho na kusali, mtu akaenda zake." Alijifuta pua kwa kiganja. "Mimi ulinikalisha mpaka giza linaingia. Mimi nilikukosea nini, baba?"

Krijn alikunjua mikono. Alimtazama dada yake, kama labda yeye anajua jibu, lakini Maatje alikuwa ameinuka, ameshika sahani ya vile sita, anavitupa kwenye ndoo ya takataka, kimoja kimoja, na hakugeuka.

"Sijui," alisema Krijn hatimaye. "Sijui, Jacomina."

Hilo angalau lilikuwa jibu la kweli, na Marit alikuwa ameinuka bila kumaliza. Basi Jacomina alilichukua lile begi, akapanda nalo juu kwenda kulifungua, akiligongesha kila ngazi kwa makusudi.